Kuacha misimbo ya matibabu uende thieta: kazi mbili za hospitali za Marekani bega kwa bega

Ukisoma ripoti za upasuaji kutwa, mwaka nenda mwaka rudi, iko siku utajiuliza kwa nini wewe ni wa kusoma tu na wengine ndio wa kufanya. Swali hilo huwajia waweka misimbo wengi huko Marekani, yaani wanaogeuza ripoti za matibabu kuwa misimbo ya kudai malipo ya bima, hasa wanaoshughulikia mafaili ya upasuaji, na jibu linalokuja haraka ni kazi ya fundi sanifu wa upasuaji, anayetayarisha vifaa na kumkabidhi daktari mezani. Masomo yake si marefu kama ya uuguzi, mshahara uko juu kidogo, na unaingia thieta yenyewe. Wapo wanaoiita hatua ndogo, kama kuhama chumba ndani ya jengo lile lile. Sikubaliani nao. Kazi hizi mbili zinamgusa mgonjwa yule yule, basi. Saa zake, uchovu wake, aina ya makosa yake na hata tabia inayotakiwa ni vitu viwili tofauti kabisa.

Upasuaji mmoja, kazi mbili

Chukua mgonjwa mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo, anayefanyiwa upasuaji wa matundu kwa kamera. Faili lake humfikia mweka misimbo siku moja au kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa kesharudi nyumbani. Mweka misimbo anasoma ripoti ya daktari, anautafuta ugonjwa kwenye ICD-10-CM, orodha ya magonjwa yenye misimbo zaidi ya 70,000, kisha anautafutia upasuaji msimbo wake. Kwa malipo ya daktari, msimbo unatoka kwenye orodha ya CPT: 47562. Ikiwa mirija ya nyongo ilipigwa picha papo hapo, ni 47563, na tofauti hiyo ya tarakimu moja ni pesa. Kama mgonjwa alilazwa, hospitali inatumia ICD-10-PCS, orodha ya taratibu za hospitalini: 0FT44ZZ. Herufi T inasema kiungo kimetolewa chote, na ile 4 ya nafasi ya tano inasema waliingia kwa tundu wakiongozwa na kamera. Kinachobaki ni maswali ya kimya kimya. Je, daktari ameandika vya kutosha? Bima itakubali kulipia misimbo hii miwili pamoja? Aulizwe daktari, au jibu limo ukurasa wa pili?

Sasa mgonjwa huyo huyo, upande wa fundi wa upasuaji. Kabla hajasukumwa kuingia, fundi amekwisha kufungua pakiti, ameangalia alama inayothibitisha kwamba vifaa vimetakaswa, amesugua mikono hadi viwikoni, amevaa gauni na glavu, na amepanga meza yake ili mkono uende kwenye kifaa bila jicho kutafuta. Yeye na muuguzi wa thieta wanahesabu kwa sauti gozi, sindano, visu na vyombo. Kamera imerekebishwa rangi nyeupe. Mpira wa gesi umekabidhiwa upande wa pili na tumbo linajazwa kaboni dayoksaidi hadi mgandamizo wa karibu milimita 15 za zebaki. Kuanzia hapo kazi ni kutangulia. Daktari anapotenganisha mshipa na mrija wa nyongo, fundi keshashika kifaa cha kubania klipu. Klipu zikikaa, mkasi uko tayari. Kifuko kikichomoka, mfuko wa kukitolea unasubiri. Kabla ya kushona wanahesabu tena. Kipande kilichotolewa kinatajwa jina, kinawekewa lebo. Vyombo vilivyotumika vinakwenda kuoshwa, chumba kinasafishwa, na mgonjwa wa pili yuko mlangoni.

Huo ni upasuaji ambao wengi wa thieta wanauhesabu kuwa mwepesi.

Unachokuja nacho, na usichokuja nacho

Mweka misimbo haanzii sifuri. Anajua maumbile ya mwili kwa undani ambao mwanafunzi wa kawaida wa muhula wa kwanza hana, na majina marefu ya Kilatini na Kigiriki hayamtishi. Anajua pia mpangilio wa upasuaji: mgonjwa analazwaje, wanaingilia wapi, wanakata nini, wanafunga vipi. Aliyefanya kazi na ICD-10-PCS amezoeshwa kutofautisha kutoa sehemu ya kiungo na kukitoa chote, na njia ya wazi na njia ya tundu. Darasani hilo ni faida kubwa. Nadharia itakuwa marudio, na muda utakaookoa utauhitaji kwenye vitendo.

Maana vitendo ni nchi nyingine. Ripoti ya upasuaji huandikwa kana kwamba vifaa vilijileta. Haisemi kwamba kulikuwa na koleo za aina kumi zinazofanana, kila moja na jina la mtu aliyeibuni: Kelly, Kocher, DeBakey, Metzenbaum kwa mkasi. Haisemi kwamba daktari huyu anaita kifaa kwa jina moja na yule wa chumba cha pili kwa jina jingine, wala kwamba wa tatu hasemi kitu, ananyoosha kiganja tu. Mweka misimbo mzuri amejengwa kwa subira: anasoma, anarudia, anafungua kitabu, anathibitisha. Thieta inataka jibu lililokwisha kuwa mkononi. Kuna watu werevu sana ambao mikono yao haijui kulia wala kushoto wakiharakishwa, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Ila ni vizuri kulijua kabla ya kulipa ada.

Kwa msomaji aliyejifunza Kiingereza ukubwani, kuna jambo ambalo matangazo ya vyuo hayaligusi. Misimbo unaisoma. Thietani unasikia maagizo kupitia barakoa, mashine ya kunyonya damu ikivuma, mara nyingi muziki ukicheza, na mwenye kusema hana muda wa kurudia. Linazoeleka, na wengi wameliweza, lakini miezi ya kwanza huchosha masikio kuliko miguu.

Kanuni za kazi nazo zimegeuziana mgongo. Mweka misimbo hufundishwa kwamba jambo ambalo halikuandikwa halikufanyika. Fundi wa upasuaji hufundishwa kwamba jambo ambalo hakuna aliyeliona limefanyika vilevile: glavu yako ikigusa mahali pasipotakaswa, unasema na unabadilisha, hata kama watu wote walikuwa wamegeukia kwingine. Kwa uzoefu wa wanaofundisha kazi hii, hapo ndipo mtu hupimwa zaidi ya kwenye mitihani.

Pesa, kwa hesabu ya kweli

Takwimu za Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani za Mei 2024 zinaweka mshahara wa kati (nusu ya watu hupata zaidi ya huo, nusu chini yake) wa wataalamu wa kumbukumbu za matibabu, kundi ambalo waweka misimbo wamo, kuwa dola 50,250 kwa mwaka. Wa mafundi wa upasuaji ni dola 62,830. Pengo ni dola 12,580. Wengi huishia kwenye mstari huo na kuanza kujaza fomu.

Ngoja kwanza. Kundi la kwanza limechanganya watu wengi, wakiwemo wasioweka misimbo kabisa. Mweka misimbo wa upasuaji mwenye vyeti viwili na miaka mingi anaweza kuwa tayari amevuka kiwango cha kati cha kundi lake, na fundi mpya wa upasuaji ataanza chini ya kiwango cha kati cha kwake. Kwa hiyo aliyekomaa kwenye misimbo anaweza kabisa kushuka mshahara mwaka wa kwanza thietani. Halafu, ukiacha kazi mwaka mzima kwa ajili ya masomo, umepoteza kama dola 50,000. Kwa pengo la dola 12,580, inachukua takriban miaka minne kuzirudisha, na hapo hatujahesabu ada, kodi, wala mafuta ya gari ambayo mtu aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani hakuwa akiyanunua.

Upande wa pili, fundi wa upasuaji ana njia za kuongeza kipato ambazo mweka misimbo hana: zamu za kuitwa usiku na mikataba ya kusafiri ya wiki kadhaa katika hospitali zenye upungufu. Pesa hizo zipo kweli, ila hulipwa kwa usingizi na kwa kuwa mbali na nyumbani.

Nikiambiwa sababu pekee ya kuhama ni mshahara, ninashauri mtu abaki. Kwa mweka misimbo, cheti cha ziada cha ukaguzi au cha fani maalumu huongeza kipato kwa gharama ndogo zaidi na bila kuacha kazi hata siku moja.

Shule, na ule muhula unaovunja mipango

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia ya misimbo huijui kwa kusimuliwa, umeipita. Mtihani wa CPC, cheti cha mweka misimbo kinachotolewa na chama cha AAPC, una maswali 100 kwa saa nne, unahitaji asilimia 70, na vitabu vya misimbo unaingia navyo. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kukaa darasani kwanza. Tatizo huja baada ya kufaulu: cheti cha anayeanza kina herufi ya uanagenzi, CPC-A, na waajiri wengi wanataka uzoefu ambao hakuna anayekupa.

Njia ya thieta ina lango mwanzoni. Ili kufanya mtihani wa CST, cheti cha fundi wa upasuaji, unaotolewa na bodi ya NBSTSA, njia ya kawaida ni kuhitimu programu yenye ithibati ya CAAHEP au ABHES, taasisi zinazokagua programu za masomo ya afya. Nyingi huchukua mwaka mmoja hadi miwili, kwa cheti au shahada ya ushirika (ile fupi ya miaka miwili). Mtihani wenyewe una maswali 175, ambapo 150 ndiyo yanayohesabiwa, kwa saa nne, bila kitabu. Majimbo kadhaa, yakiwemo Texas, New York, New Jersey, Tennessee na Indiana, yana sheria zinazodai mafunzo au cheti kwa kazi hii. Mengine hayana, lakini hospitali zake nyingi huweka sharti hilo zenyewe. Kwa hiyo programu ya mtandaoni ya bei nafuu isiyo na ithibati ni pesa iliyotupwa. Thibitisha ithibati kwenye orodha ya CAAHEP au ABHES wenyewe, usiridhike na tangazo la chuo.

Nadharia unaweza kuisoma jioni ukiwa unaendelea na kazi. Mafunzo kwa vitendo huwezi. Mwanafunzi anatakiwa kushiriki angalau upasuaji 120: 30 wa jumla na 90 wa fani nyingine kama mifupa, uzazi, macho au mishipa, na katika mwingi wake awe ndiye fundi anayesimama mezani, si mtazamaji. Upasuaji uliopangwa hufanyika mchana, siku za kazi. Unafika kabla ya saa moja asubuhi, unatoka alasiri, hulipwi, na hali hiyo inaendelea kwa miezi. Mwenye kazi ya kawaida ya ofisini lazima aiache.

Mweka misimbo ana bahati hapa, na ni ajabu jinsi watu wasivyoiona. Kazi yake ni mojawapo ya kazi chache za hospitali zinazoweza kufanyika nyumbani, usiku, kwa saa chache, kwa malipo ya saa au ya idadi ya mafaili. Aliyejenga jina zuri kwa mwajiri wake anaweza kuomba kupunguziwa hadi nusu, au kuhamia kwenye mkataba usio na saa maalumu, akapita muhula ule bila kuingia kwenye mkopo mkubwa. Muuza duka hawezi kufanya hivyo, wala msaidizi wa wauguzi wa zamu ya mchana. Ile hesabu ya miaka minne niliyoifanya hapo juu hupungua sana ukihama kwa mtindo huu. Nikiona mtu anaandika barua ya kuacha kazi ya misimbo ili awe huru kusoma, ninamwona anachoma daraja akiwa bado katikati yake.

Ada hutofautiana mno. Chuo cha jamii na chuo cha binafsi cha biashara vinaweza kukupeleka kwenye mtihani ule ule kwa bei zinazopishana mara kadhaa. Ongeza chanjo, uchunguzi wa dawa za kulevya na wa rekodi ya jinai, na cheti cha huduma ya kwanza ya moyo. Mengi ya hayo utayahitaji kabla ya kuruhusiwa kugusa mlango wa thieta.

Mwili na saa

Anayefanyia kazi kwenye kiti huumia mgongo, shingo, macho na vifundo vya mikono. Tusidanganyane kwamba misimbo ni kazi ya raha. Kuna kiwango cha mafaili kwa saa, kuna usahihi wa asilimia 95 ambao waajiri wengi hudai, na kuna upweke wa mtu ambaye wiki nzima amezungumza na skrini tu.

Thieta huumiza kwa namna nyingine. Unasimama saa nyingi mahali pamoja, mara kwa mara umeinama umeshika ritrakta, kifaa cha kuvuta kingo za jeraha ili daktari aone ndani. Sinia la vyombo lina kikomo kinachopendekezwa cha pauni 25, zaidi kidogo ya kilo 11, na upasuaji wa goti au nyonga unaweza kuwa na masinia mengi. Ikitumika eksirei unavaa aproni nzito yenye madini ya risasi ya kuzuia mionzi juu ya mwili kisha gauni juu yake. Kuna moshi wa kifaa cha kuunguzia tishu. Kuna saruji ya mifupa yenye harufu kali, ambayo hospitali nyingi huwapumzisha wajawazito wasiwe karibu nayo. Kuna sindano na makali, na kwa hiyo hatari ya homa ya ini na virusi vingine. Huwezi kujikuna. Huwezi kunywa maji. Ukibanwa na haja katikati ya upasuaji mrefu, unasubiri mtu aje akupokee, naye anaweza kuchelewa.

Mwenye miaka 25 husoma aya hiyo akacheka. Mwenye 48 na magoti yanayolia ngazini aisome mara mbili, halafu aombe kushinda siku moja nzima thietani akiwa mtazamaji. Hospitali nyingine hukubali, hasa kupitia chuo.

Damu? Watu huiogopa kuliko inavyostahili. Wengi huizoea ndani ya wiki chache. Kinachowashinda baadhi ni vitu ambavyo hawakuvifikiria: harufu ya tishu inayoungua, sauti ya msumeno kwenye mfupa, mtoto mdogo mezani.

Kuhusu saa, tofauti ni kubwa kiasi kwamba kwa mzazi mwenye watoto wadogo inaweza kuamua kila kitu. Mweka misimbo anaweza kumchukua mtoto shuleni saa tisa na kumaliza mafaili baada ya chakula. Fundi hawezi kutoka kwenye upasuaji kwa sababu shule imefungwa mapema kwa theluji. Hospitali nyingi pia zina zamu ya kuitwa: unalipwa kiasi kidogo kwa kila saa ya kukaa tayari, na simu ikilia unatakiwa uwe umefika ndani ya muda mfupi, mara nyingi dakika 30. Anayeishi mbali na hospitali itabidi alale jirani. Vituo ambako mgonjwa hupasuliwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo kwa kawaida havina usiku wala wikendi, ndiyo maana kila mtu anavitaka, na ndiyo maana huwa vinachukua wenye uzoefu kwanza.

Kosa la huku na kosa la kule

Mwaka 2008, kuanzia tarehe 1 Oktoba, Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, iliacha kuilipa hospitali ziada kwa madhara ya kitu kilichosahauliwa ndani ya mgonjwa wakati wa upasuaji. Mweka misimbo anakijua kitu hicho kwa jina la T81.5, msimbo ambao hakuna anayefurahi kuuandika. Fundi wa upasuaji anakijua kwa jina la gozi moja ambayo haionekani, hesabu ikiwa tisa badala ya kumi, daktari akitaka kufunga, na yeye akiwa ndiye wa kusema: bado, hatufungi. Wanatafuta sakafuni, kwenye pipa, ndani ya tumbo, na isipoonekana inapigwa eksirei mgonjwa akiwa bado mezani.

Nimeuchagua mfano huu kwa sababu unaonyesha tofauti ya uzito bila kuidharau kazi yoyote. Kosa la msimbo linarudi baada ya wiki kama dai lililokataliwa na bima au alama mbaya ya ukaguzi. Linaweza kuwa la gharama kubwa, na likirudiwa kwa makusudi ni udanganyifu mbele ya sheria, lakini dai husahihishwa na kutumwa upya. Kosa la mezani halina wiki. Kwa watu fulani jambo hilo ni ahueni: kazi inaisha siku ile ile, hakuna rundo la kesho, hakuna barua pepe ya mkaguzi kuhusu faili la miezi mitatu iliyopita. Kwa wengine ni mzigo wa kulala nao.

Na kuna daktari mwenyewe. Wapo wapole, wapo wanaopaza sauti. Mweka misimbo anapotofautiana na daktari humwandikia swali rasmi na kusubiri. Fundi anatofautiana naye uso kwa uso, barakoa kwa barakoa, mbele ya watu watano. Anayekwepa malumbano kwa tabia atalazimika kujifunza kusema hapana kwa sauti tulivu, kwa sababu siku ya hesabu isiyokubali hakuna atakayemsemea.

Kompyuta inamfuata nani

Waweka misimbo wengi wanaowaza kuhama hawakimbii uchovu, wanakimbia programu. Wasiwasi huo una msingi. Programu za kupendekeza misimbo zipo miaka mingi, na sasa kuna zinazomaliza mafaili rahisi bila mtu kuyagusa, hasa ya radiolojia, maabara na idara za dharura. Kazi nyingine imehamia nje ya Marekani. Anayeumia zaidi ni yule wa CPC-A, kwa sababu mafaili mepesi aliyokuwa akijifunzia ndiyo mashine inayoyachukua kwanza. Upasuaji mgumu, wagonjwa waliolazwa muda mrefu, ukaguzi na mabishano na bima bado vinahitaji mtu, na vitahitaji kwa muda.

Thieta haihamishiki ng'ambo. Hata roboti ya da Vinci, ambayo jina lake huwatisha wasiowahi kuiona ikifanya kazi, haikumwondoa fundi. Imemwongezea kazi: kuivika mikono yake mifuko iliyotakaswa, kuisogeza hadi kwa mgonjwa, kubadilisha vifaa vyake huku daktari amekaa kwenye kiti chake pembeni. Kwa usalama wa ajira wa miaka kumi ijayo, ninaipa thieta alama ya juu. Kwa aliyeanza misimbo jana na hajapata mwajiri, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa mkaguzi wa miaka kumi na mbili, ni ndogo kuliko anavyodhani saa nane za usiku.

Njia za katikati

Si lazima iwe hapa au kule. Aliyechoka na kiwango cha mafaili, lakini anaipenda akili ya kazi, anaweza kuhamia ukaguzi, au kubobea kwenye misimbo ya mifupa au upasuaji wa jumla, ambako AAPC ina vyeti vyake maalumu. Anayetaka kujaribu mikono yake kabla ya kulipa ada ya mwaka anaweza kuanzia idara ya kutakasa vifaa. Cheti cha mtakasa vifaa, CRCST, kinadai saa 400 za vitendo, na ndani ya saa hizo atakuwa ameshika karibu kila chombo ambacho angekutana nacho mezani. Malipo ni ya chini, sikatai. Lakini mtu akitoka hapo bado anatamani kuingia thieta, ajue anatamani kitu anachokijua.

Lipo pia kosa la kuichukua kazi ya fundi kama daraja la kufikia uuguzi. Masomo uliyokwisha kuyafaulu hayahamishiki kirahisi, na masomo ya msingi ya uuguzi utayaanza mwanzo au karibu na mwanzo. Kama moyo uko kwenye uuguzi, nenda kwenye uuguzi. Kwa fundi, ngazi inayofuata ni kuwa msaidizi wa kwanza wa daktari mezani, cheti cha CSFA, au kufundisha, au kuuza vifaa vya upasuaji.

Kwa nani ipi

Mtu wa misimbo mwenye watoto wadogo, mwenzi anayefanya kazi zamu, au mgongo wenye historia, ningemwambia abaki na ahamie ngazi ya juu ndani ya kazi yake. Mwenye miaka ishirini na kitu au thelathini na kitu, asiyefungwa na ratiba ya wengine, anayekosa usingizi kwa upweke wa skrini na si kwa hasira dhidi ya msimamizi mmoja, ningemsukuma aende. Hiyo tofauti ya mwisho aichunguze vizuri. Aliyechoshwa na mwajiri huponywa na mwajiri mwingine, na hilo huchukua mwezi. Aliyechoshwa na kukaa nyuma ya tukio hatapona hata akibadilisha waajiri watano.

Anayeamua kwenda aanze na maswali matatu kwa chuo: wahitimu wangapi wa mwaka uliopita walifaulu mtihani wa CST, wangapi waliajiriwa, na nafasi za vitendo ziko hospitali gani hasa. Programu zenye ithibati hutakiwa kuweka matokeo yake hadharani, kwa hiyo mwenye kusitasita kujibu amekwisha kujibu. Na cheti cha CPC asikiache kife. Kukihuisha kunadai saa 36 za masomo kila miaka miwili pamoja na ada ya uanachama, gharama inayolipwa na mafaili machache ya mwisho wa wiki. Fundi aliyevunjika kifundo cha mkono hawezi kusimama mezani kwa wiki sita au zaidi. Mwenye CPC iliyo hai anaweza kuchapa kwa mkono mmoja, polepole, akilipwa.